Mpira, Tiara na Mwanasesere: Ufundishaji wa Msamiati wa Awali wa Kiingereza kuhusu Vichezeo kwa Njia ya Mtandao katika Afrika Mashariki

Ikisiri

Nyimbo, video na programu tumizi zinazowafundisha watoto wadogo maneno ya Kiingereza zimeingia katika simu za wazazi wengi wa Afrika Mashariki. Vichezeo ni miongoni mwa mada zinazotangulizwa katika masomo hayo, sambamba na rangi, namba na wanyama. Makala haya yanaeleza kile ambacho mtoto mwenye lugha ya kwanza ya Kibantu hana budi kujifunza anapokutana na maneno kama "ball", "kite" na "doll", kisha yanapima ni sehemu ipi ya kazi hiyo inayoweza kufanywa na skrini na ni ipi isiyoweza. Hoja kuu ni kwamba skrini ina uwezo wa kumpa mtoto sauti ya neno, lakini maana na matumizi yake huhitaji kitu kinachoshikika, mtu anayejibu, na neno ambalo mtoto analo tayari katika lugha yake. Kutokana na hoja hiyo, makala yanapendekeza utaratibu wa somo unaotumia intaneti kidogo na vichezeo vya watoto wenyewe, na yanabainisha mambo ambayo watunga sera wanapaswa kuyapima kabla ya kugharimia programu na vishikwambi.

1.0 Utangulizi

Mada ya vichezeo huonekana nyepesi. Maneno yake ni mafupi, vitu vyenyewe huchorwa kwa urahisi, na watoto huvipenda. Ndiyo maana waandaaji wengi wa masomo ya Kiingereza ya mtandaoni huiweka mwanzoni: picha ya mpira hutokea, sauti husema "ball", mtoto hubonyeza picha, nyota hung'aa. Baada ya dakika chache mtoto hutaja maneno kumi, na mzazi huridhika kwamba fedha ya kifurushi cha intaneti haikupotea.

Wepesi huo ni wa juujuu. Kutaja jina mbele ya picha ni hatua moja tu ya kulijua neno. Mtoto anayelijua neno "ball" huweza kulitambua bila picha, kulitofautisha na majina ya vitu vingine vya duara, kuliweka katika tungo, kulitumia kuomba, kukataa na kusimulia, na kulihamisha kutoka mpira mmoja hadi mwingine usiofanana nao. Swali la makala haya ni hili: katika hatua hizo zote, ni zipi zinazofikiwa kwa njia ya mtandao, na kwa masharti gani?

Swali hili si la walimu peke yao. Wizara za elimu, mashirika ya maendeleo na wamiliki wa shule hushawishiwa kununua programu za lugha kwa watoto wa elimu ya awali. Uamuzi wa namna hiyo hugusa bajeti, muda wa mtoto na nafasi ya lugha zetu wenyewe. Ukifanywa kwa kuangalia wingi wa maneno ambayo mtoto huyataja mbele ya skrini, utakuwa umepima kisichostahili kupimwa.

Makala yanahusu watoto wa umri wa miaka 3 hadi 8. Yanategemea ulinganishi wa msamiati wa Kiingereza na Kiswahili, pamoja na mifano michache ya Kinyarwanda, Kirundi na Luganda, na mapitio ya tafiti zilizochapishwa kuhusu ujifunzaji wa maneno kupitia skrini.

2.0 Muktadha wa kisera

Nchi za ukanda huu hazijakubaliana kuhusu wakati mwafaka wa kumtambulisha mtoto kwa Kiingereza. Nchini Tanzania, mtaala ulioanza kutumika mwaka 2015 uliwaelekeza wanafunzi wa darasa la kwanza na la pili katika stadi za kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili, na somo la Kiingereza likaanza darasa la tatu. Mtaala ulioboreshwa wa mwaka 2023 umelirudisha somo hilo katika darasa la kwanza, huku Kiswahili kikibaki lugha ya kufundishia katika shule nyingi za msingi za umma.

Rwanda imepita njia tofauti. Mwaka 2008 serikali iliamua kwamba Kiingereza kichukue nafasi ya Kifaransa kama lugha ya kufundishia. Baadaye Kinyarwanda kilirejeshwa katika madarasa matatu ya mwanzo, na mwishoni mwa mwaka 2019 ikatangazwa kwamba Kiingereza kitumike tangu darasa la kwanza. Uganda, kwa mtaala wa dhamira ulioanza kutekelezwa mwaka 2007, ilielekeza lugha za maeneo zitumike katika madarasa matatu ya mwanzo na darasa la nne liwe la mpito. Kenya nayo inaelekeza lugha ya eneo la shule itumike katika madarasa ya chini, na Kiswahili na Kiingereza vifundishwe kama masomo. Nchini Burundi, mwanafunzi wa shule ya msingi hukutana na Kirundi, Kifaransa, Kiingereza na Kiswahili.

Pamoja na tofauti hizo, shinikizo la kijamii linaelekea upande mmoja: Kiingereza kianze mapema zaidi. Kufungwa kwa shule wakati wa janga la UVIKO-19 kulionesha pia kwamba mafunzo ya mbali si jambo la anasa. Nchini Uganda shule zilifungwa mwezi Machi 2020, na hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022. Mtoto aliyekuwa na umri wa miaka 4 wakati huo alikaribia kutimiza miaka 6 bila kuhudhuria darasa kwa utaratibu wa kawaida. Kwa hiyo, kupinga matumizi ya mtandao kwa ujumla wake hakutoi mwongozo wowote. Kinachohitajika ni kujua mtandao upewe kazi gani.

3.0 Kilichomo ndani ya neno la kichezeo

3.1 Maana

Kikwazo cha kwanza ni jina la mada yenyewe. Neno "toy" halina kisawe kimoja kilichotulia katika Kiswahili. Wapo wanaosema "kichezeo", wapo wanaosema "kitu cha kuchezea", na katika mazungumzo ya kila siku neno "mwanasesere" au "mdoli" hutumika wakati mwingine kwa kichezeo chochote cha dukani, hata kama ni gari. Mtoto anayeambiwa kwamba "toy" ni mdoli atashangaa anapooneshwa mpira chini ya jina hilohilo.

Kikwazo cha pili ni mipaka ya maana. Neno "mpira" katika Kiswahili hubeba kitu cha kuchezea, mchezo wa kandanda, na malighafi itokanayo na utomvu wa mti. Kiingereza huzigawa maana hizo kwa "ball", "football" na "rubber". Neno "gari" huweza kutaja gari dogo, lori, basi na hata mkokoteni unaovutwa na ng'ombe, ilhali "car" ni finyu. Mtoto anayemwita "car" lori la bati alilotengeneza kaka yake hajapotea. Ameuhamisha mpaka wa maana wa Kiswahili na kuupeleka katika Kiingereza.

Vitenzi vina ugumu zaidi. Kitenzi "kucheza" kinatumika kwa mtoto anayecheza na gololi na pia kwa mtu anayecheza ngoma, ilhali Kiingereza hutenganisha "play" na "dance". Kitenzi "kurusha" kinatumika kwa mpira na kwa tiara. Kwa Kiingereza, mpira hupewa kitenzi "throw" na tiara hupewa kitenzi "fly". Picha tuli ya mtoto aliyeshika mpira haiwezi kuionesha tofauti hii. Tendo lenyewe huionesha mara moja.

Hata hivyo, mtoto haanzi mikono mitupu. Mpira ni "umupira" kwa Kinyarwanda na Kirundi na "omupiira" kwa Luganda. Yaani, mtoto wa Kigali, Bujumbura au Kampala anapojifunza Kiswahili na Kiingereza kwa pamoja, analo tayari daraja la kuvukia. Vilevile, "motokaa" ya Kiswahili, "imodoka" ya Kinyarwanda na "emmotoka" ya Luganda zote zimetokana na neno la Kiingereza "motor-car". "Mdoli" wa Kiswahili ametokana na "doll" na kuingizwa katika ngeli ya M-MI, hata wengi wakawa "midoli". "Igipupe" ya Kinyarwanda imetokana na jina la Kifaransa la mwanasesere. Jina "tiara" nalo lina asili ya Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kuruka. Mwalimu anayeijua historia hii humjengea mtoto juu ya msingi uliopo.

3.2 Sarufi

Somo la vichezeo huhesabiwa kuwa somo la msamiati, lakini sarufi imo ndani yake tangu siku ya kwanza. Tulinganishe "mpira mmoja mwekundu" na "mipira miwili myekundu" kwa upande mmoja, na "one red ball" na "two red balls" kwa upande mwingine. Kiswahili huanza na nomino, huonesha wingi mwanzoni mwa neno, na hutaka kivumishi kipatane na nomino yake. Kiingereza hutanguliza idadi na rangi, huweka alama ya wingi mwishoni, na huiacha rangi bila mabadiliko. Kwa hiyo, mtoto wa miaka 5 anayesema "ball red" au "two ball" anafuata mantiki ya lugha anayoijua vizuri.

Kadi za picha mtandaoni kwa kawaida hutaja nomino moja bila tungo. Zikifanya hivyo kwa muda mrefu, mtoto hujikusanyia orodha ya majina asiyoweza kuyaunganisha. Ni afadhali ajifunze majina machache ndani ya tungo fupi zinazotumika mchezoni, kama vile "my ball", "two cars" na "give me the kite", kuliko majina mengi yaliyosimama peke yake.

3.3 Matamshi

Silabi ya kawaida ya Kiswahili huishia kwa irabu, na hali ni hiyohiyo katika lugha nyingi za Kibantu za ukanda huu. Neno "kite" kwa hiyo huelekea kutamkwa "kaiti", na "doll" hutamkwa "doli". Maneno yenye konsonanti zilizofuatana, kama "blocks", huongezewa irabu katikati au mwishoni. Kanuni hii ndiyo iliyotupatia "shati", "kitabu" na "basi" katika ukopaji wa maneno, na haipaswi kuchukuliwa kuwa uvivu wa ulimi. Mtoto hurekebisha matamshi anaposikia neno likitamkwa tena na mtu anayemjibu. Programu inayotoa nyota kwa kubonyeza picha sahihi haimsikilizi mtoto, na hivyo haiwezi kumsaidia katika jambo hili.

4.0 Tafiti zinasema nini kuhusu skrini

Mwaka 2003, Kuhl, Tsao na Liu walichapisha matokeo ya jaribio lililowahusisha watoto wachanga wa Marekani wa umri wa miezi 9. Kundi moja lilicheza na wazungumzaji wa Kichina cha Mandarin ana kwa ana kwa vipindi 12. Makundi mengine yalipata lugha hiyohiyo kwa video au kwa sauti iliyorekodiwa. Kundi la kwanza lilijifunza kutofautisha sauti za Mandarin. Yale ya video na sauti hayakujifunza. Mwaka 2010, DeLoache na wenzake walionesha kwamba watoto wa miezi 12 hadi 18 waliotazama video maarufu ya msamiati kwa mwezi mmoja hawakupata maneno mengi kuliko wasioitazama. Waliofanya vizuri zaidi ni wale ambao wazazi wao walifundisha maneno hayohayo katika shughuli za kila siku, bila video.

Matokeo hayo hayahalalishi kauli kwamba skrini haifundishi kitu. Mwaka 2014, Roseberry, Hirsh-Pasek na Golinkoff waliwafundisha watoto wa miezi 24 hadi 30 vitenzi vipya kwa njia tatu: ana kwa ana, kwa mazungumzo ya video ya mubashara, na kwa video iliyorekodiwa. Watoto walijifunza kwa njia mbili za kwanza, na hawakujifunza kwa ya tatu. Skrini ilikuwepo katika mazungumzo ya mubashara na katika video iliyorekodiwa. Kilichotofautiana ni kama mtu aliyeko upande wa pili alimjibu mtoto kwa wakati wake, alimwangalia na kumsubiri.

Umri nao una uzito. Rice na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1990, waliona kwamba kutazama kipindi cha *Sesame Street* katika umri wa miaka 3 kulihusiana na msamiati mpana zaidi katika umri wa miaka 5. Hapa kwetu, utafiti wa Borzekowski uliochapishwa mwaka 2018 ulichunguza watoto wa Morogoro waliotazama katuni ya *Akili and Me*, iliyotengenezwa Tanzania na shirika la Ubongo, na ukaonesha maendeleo katika stadi za awali za kujifunza. Vipindi hivi viliandaliwa kwa makini kwa watoto wa umri huo, vina hadithi, na humwalika mtoto ajibu.

Tukizisoma tafiti hizi kwa pamoja, tunapata kanuni tatu. Kwanza, kadiri mtoto alivyo mdogo, ndivyo anavyohitaji zaidi mtu anayejibu. Pili, mazungumzo ya mubashara yana thamani iliyo karibu zaidi na ya ana kwa ana kuliko video iliyorekodiwa. Tatu, kwa mtoto wa miaka 3 na zaidi, kipindi kilichotengenezwa vizuri kinasaidia, lakini hakichukui nafasi ya mchezo. Kanuni hizi zinaafikiana na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019, unaoshauri watoto wa miaka 2 hadi 4 wasizidishe saa moja kwa siku mbele ya skrini wakiwa wamekaa, na kwamba muda mfupi zaidi ni bora zaidi. Saa hiyo ni ya skrini zote. Somo la Kiingereza linagawana muda na katuni na simu ya shangazi.

5.0 Vichezeo vya nani?

Orodha za vichezeo katika masomo mengi ya mtandaoni zimetokana na duka la vichezeo la Ulaya au Marekani: dubu wa manyoya, farasi wa mbao wa kubembea, nyumba ya wanasesere, treni ya umeme. Katika nyumba nyingi za Kigoma, Gulu au Ngozi vitu hivyo havipo. Vilivyopo ni mpira wa makaratasi au matambara uliofungwa kwa kamba, na kwenye migomba mingi, mpira wa majani makavu ya mgomba. Lipo gari la waya lenye magurudumu ya vizibo au ya soli za kandambili. Yupo mwanasesere wa kitambaa au wa gunzi la mahindi. Ipo tiara ya karatasi na njiti, ipo pia inayozungushwa kwa kamba, zipo gololi, na lipo tairi linaloendeshwa kwa kijiti.

Tofauti hii ina athari ya moja kwa moja katika kujifunza. Mtoto anayejifunza jina la kitu ambacho hajawahi kukigusa hujifunza mambo mawili kwa wakati mmoja: kitu na jina. Anayejifunza jina jipya la kitu alichokitengeneza jana hujifunza jambo moja tu, maana dhana anayo tayari. Zaidi ya hayo, kichezeo kilichotengenezwa huleta vitenzi vyake: kufunga, kukata, kusukuma, kuvuta, kuviringisha. Maneno "tie", "cut", "push", "pull" na "roll" yatamfaa mtoto darasani katika sayansi na hisabati kuliko jina la farasi wa mbao.

Hii haimaanishi kwamba majina ya vichezeo vya kigeni yapigwe marufuku. Mtoto atakutana na "teddy bear" vitabuni, na atalielewa. Suala ni mpangilio: vilivyo mkononi vitangulie, vilivyo kitabuni vifuate.

Upo pia upande wa Kiswahili. Mtoto anayepata "doll", "kite" na "marbles" kutoka kwenye simu kabla ya kuyasikia "mwanasesere", "tiara" au "kishada", na "gololi" nyumbani, hapotezi maneno matatu tu. Hupoteza pia njia ya kuyaelewa maelezo ya mwalimu na simulizi za bibi, na maneno yenyewe hubaki kamusini bila msemaji. Hasara hii haionekani katika takwimu za programu, kwa kuwa programu haihesabu neno ambalo mtoto hakulipata.

6.0 Mfano wa utaratibu wa somo

Utaratibu ufuatao umeandaliwa kwa mwalimu wa elimu ya awali au darasa la kwanza anayewasiliana na wazazi kwa simu. Kila wiki huwa na majina mawili na kitenzi kimoja. Kwa wiki kumi, mtoto hufikia majina 20 na vitenzi 10. Idadi hiyo ni ndogo ikilinganishwa na ahadi za matangazo, lakini maneno hayo huweza kuunganishwa na kuunda tungo nyingi.

Hatua ya kwanza hufanyika bila simu. Mlezi humwomba mtoto alete mpira na gari lake, na mtoto huvitaja na kueleza alivyovitengeneza au alikovipata, kwa lugha ya nyumbani.

Hatua ya pili ni ujumbe wa sauti wa mwalimu usiozidi dakika mbili. Mwalimu hutaja jina na amri fupi: "Roll the ball", "Roll the car". Ujumbe wa sauti hutumia intaneti kidogo sana ikilinganishwa na video ya muda huohuo, na huweza kurudiwa bila gharama ya ziada ukishapakuliwa. Kufundisha lugha kwa amri zinazojibiwa kwa tendo ni mbinu iliyoenezwa na James Asher tangu miaka ya 1960, na inamfaa mtoto ambaye bado hajawa tayari kusema.

Katika hatua ya tatu simu huwekwa kando. Mlezi na mtoto, au mtoto na nduguye, hucheza kwa dakika kumi wakitumia amri hizo na kubadilishana zamu. Mtoto akisema "ball red", mwenzake hamkatizi. Humjibu "Yes, the red ball", na mchezo huendelea.

Hatua ya nne ni jibu. Mtoto hurekodi sauti yake na kumtumia mwalimu, naye humjibu kwa jina lake na kurudia neno kwa matamshi mazuri. Pale uwezo wa intaneti unaporuhusu, hatua hii hufanywa kwa mazungumzo mafupi ya video ya mubashara, watoto watatu au wanne kwa pamoja, kila mmoja akiwa na kichezeo chake mkononi. Sauti za watoto zisisambazwe katika makundi, na zifutwe baada ya kutumika.

Hatua ya tano ni marudio. Maneno ya wiki iliyopita huingizwa katika mchezo wa wiki mpya, yakiongezewa rangi au idadi.

Wazazi wengi husita kwa kuwa hawajiamini katika Kiingereza. Utaratibu huu hauwataki wawe mfano wa matamshi; kazi hiyo ni ya sauti ya mwalimu. Unawataka waitikie, washike, warushe na wasubiri. Mgawanyo wa kazi ni kwamba simu itoe sauti na mtu atoe jibu.

Upimaji nao ufuate mantiki hiyo. Je, mtoto anaweza kuchukua mpira kati ya vitu vitatu bila kuoneshwa picha? Je, anatofautisha "red ball" na "red car"? Je, analitumia neno "ball" kwa mpira wa matambara na kwa mpira wa dukani? Je, anaweza kukitaja kichezeo hichohicho kwa lugha yake? Maswali haya manne humpa mshauri wa sera taarifa yenye uzito kuliko idadi ya nyota.

7.0 Mapendekezo ya kisera

Kwanza, kabla ya kununua programu yoyote kwa watoto wa elimu ya awali, wizara zitake ushahidi kwamba mtoto huweza kulitumia neno nje ya skrini. Alama zinazotolewa na programu yenyewe zisihesabiwe kuwa ushahidi.

Pili, sehemu ya bajeti ya vifaa ielekezwe kwa walimu: muda wa kurekodi sauti, vifurushi vya mawasiliano na mafunzo ya kujibu makosa ya watoto bila kuwavunja moyo. Kishikwambi kisicho na mwalimu nyuma yake hurudi kuwa video iliyorekodiwa, ambayo tafiti zimeonesha udhaifu wake kwa watoto wadogo.

Tatu, orodha za msamiati wa awali ziandaliwe kutokana na vichezeo vya watoto wa kila eneo, na Kiswahili au lugha ya eneo itangulie. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, kwa kushirikiana na mabaraza na taasisi za Kiswahili za nchi wanachama, ina nafasi nzuri ya kuandaa kamusi ya picha ya vichezeo inayolinganisha Kiswahili, lugha za maeneo na Kiingereza. Kazi hiyo pia ingesaidia kusanifisha kisawe cha "toy". Makala haya yametumia "kichezeo" kwa kuwa kinatokana wazi na kitenzi chake na hakibagui aina ya kitu.

Nne, sauti na picha za watoto zilindwe. Kenya na Uganda zilitunga sheria za ulinzi wa taarifa binafsi mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021 na Tanzania mwaka 2022. Mikataba ya programu za watoto ipimwe kwa sheria hizo kabla ya kusainiwa.

8.0 Hitimisho

Wanaotaka Kiingereza kianze mapema hupenda kutaja methali isemayo samaki mkunje angali mbichi. Methali hiyo inazungumzia wakati, lakini inazungumzia pia tendo: kukunja ni kazi ya mkono wa mtu. Makala haya yameonesha kwamba msamiati wa vichezeo, ujapokuwa mdogo, unabeba mipaka ya maana, sarufi na matamshi ambayo picha peke yake haiwezi kuyafundisha. Yameonesha pia kwamba mtandao una nafasi halali pale unapomfikishia mtoto sauti nzuri na kumuunganisha na mtu anayemjibu. Gharama ya kufanya hivyo ni ndogo kuliko gharama ya programu nyingi zinazouzwa leo. Mpira wa matambara upo, mwenzake mtoto yupo, na neno la Kiswahili lipo. Sera inayoanzia hapo itampa mtoto Kiingereza bila kumnyang'anya alichokuja nacho.